Mzee wetu anataka nishani ya jeraha la Vietnam. Tuanzie wapi?

Binti Kibosho:

Wakuu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naandika kutoka Moshi. Nimeshaulizia kila ninayemfahamu, nimeona nije humu.

Mume wa mama yangu mkubwa ni Mmarekani. Alikuja 1984 kufundisha hesabu sekondari, akaoa, akajenga Kibosho, kwao akawa anaenda kuzika tu. Ana miaka 77. Majirani wanamwita Meku Mzungu (meku ni mzee kwa Kichaga), na ukimkuta Jumapili na kata yake ya mbege utasahau hilo neno la pili. Sisi watoto tulijua aliwahi kuwa askari Vietnam, ila ilikuwa habari ya kupita tu, kama ile ya kwamba kwao kuna theluji.

Mwezi wa tatu, mvua zikinyesha, akateleza kwenye ngazi za jikoni. Tukampeleka kupigwa eksirei ya nyonga. Mfupa mzima, tukamshukuru Mungu. Kijana wa eksirei akatuita ndani, akatuonyesha kwenye paja la kushoto vitu vitatu vyeupe: kimoja kama punje ya mahindi, viwili kama chenga za mchele. Akauliza, "Mzee, hivi vyuma vimeingiaje?" Mzee akajibu na Kiswahili chake kile cha darasani, "Hiyo ni zawadi ya serikali ya Hanoi."

Mama mkubwa alivuta kiti akakaa. Miaka 39 ya ndoa ameambiwa lile kovu ni la seng'enge.

Kwa kifupi, aliitwa jeshini kwa lazima 1968. Alikuwa Divisheni ya 25 ya askari wa miguu, kambi yao kuu Cu Chi. Machi 1969, karibu na Tay Ninh, wakapigwa mota usiku. Tabibu wa kikosi akachomoa vipande alivyoviona kwa tochi, akafunga bendeji. Helikopta ilipokuja ikachukua watatu, mmoja wao mguu haupo. Mzee akabaki. "Ningepandaje mimi mwenye miguu miwili?" ndivyo alivyoniambia. Tabibu hakuandika kitu, au kama aliandika hakuna anayejua karatasi iko wapi.

Sasa anataka ile nishani yao ya walioumizwa na adui, Purple Heart, yenye moyo wa zambarau na sura ya George Washington. Mkononi tuna nakala ya DD 214 yake (hati ya kumaliza jeshi), imekunjwa mpaka mikunjo imekula maandishi. Tuna CD ya eksirei. Halafu dada yake ametutumia barua ambayo mzee aliiandikia nyumbani Aprili 1969: "Mguu unaendelea vizuri, msimwambie Baba."

Je, hivi vinatosha? Tunaandika kwa nani? Na ni kweli faili za jeshi la Marekani ziliungua zote? Kuna mtu kanitisha hivyo.

---

Mchaga wa Texas:

Binti Kibosho, marahaba. Mimi ni wa Marangu, nimetumika jeshi la huku miaka minane na nimewasaidia wazee kadhaa na makaratasi haya, kwa hiyo sikisii.

Tuanze na moto. Ni kweli ghala la kumbukumbu la St. Louis liliungua Julai 1973, zikateketea faili kati ya milioni 16 na 18. Lakini za jeshi la nchi kavu zilizoungua ni za waliomaliza kati ya 1912 na mwanzoni mwa 1960. Mzee wako alimaliza baadaye, faili lake linapaswa kuwepo. Liombeni lote kwa fomu SF 180. Akiomba mwenyewe halipii hata senti. Msiandike "tunaomba DD 214" mkaishia hapo, mtatumiwa karatasi moja na safari imekwisha.

Sasa ukweli mchungu. Purple Heart haiombwi kwa ushujaa, na kamanda hapimi nani anastahili kuliko nani. Ukitimiza masharti ni haki yako. Masharti ni matatu: jeraha litokane na adui, liwe lilihitaji tiba ya daktari wa jeshi, na tiba hiyo iwe imeandikwa. Mzee amekwama hapo pa tatu. Eksirei inathibitisha kuna chuma. Haisemi ni chuma cha nani wala kiliingia lini. Kovu vilevile.

Kwa hiyo barua ya Aprili 1969 ndiyo dhahabu yenu. Imeandikwa wakati uleule, na mtu ambaye hakuwa akiomba chochote. Ichanganueni pamoja na bahasha yake na mhuri wa posta. Asili isitoke nyumbani!

Baada ya hapo tafuteni shahidi aliyekuwepo usiku ule. Mmoja ni mzuri, wawili ni bora. Aeleze alichokiona kwa macho yake, si alichosimuliwa. Na msimsumbue mzee kusafiri ubalozini Dar kugongewa mhuri kwenye maelezo yake, kila mhuri ni dola 50. Sheria yao inakubali tamko lisilo na mhuri hata likiandikwa nje ya nchi, mradi aseme kwamba anatamka chini ya adhabu ya kusema uongo kwa sheria za Marekani, atie sahihi na tarehe.

Maombi yaanzie ofisi ya nishani ya jeshi, Fort Knox, Kentucky. Wakikataa, na mara nyingi hukataa mara ya kwanza, ndipo mnakwenda bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi kwa fomu DD 149. Fomu itasema kuna ukomo wa miaka mitatu tangu kosa ligundulike. Isiwatishe, bodi ina mamlaka ya kuusamehe. Elezeni tu kwa nini amechelewa.

---

Dalali wa Ngarenaro:

Na mimi nauliza hilohilo. Miaka 56 amenyamaza, leo ndiyo anakumbuka? Kuna pensheni hapo, semeni ukweli.

---

Binti Kibosho:

Dalali, nishani yenyewe haina mshahara. Nilimuuliza mzee swali lako kabla hujaliuliza, tena kwa ukali kuliko wewe, maana mama mkubwa alikuwa bado hasemi naye.

Akanyamaza kama dakika tano anamenya ndizi. Halafu akasema kila alipofikiria kuomba aliona kama anamnyang'anya yule mwenye mguu mmoja. Walikuwa wakiandikiana kadi kila Krismasi. Yule bwana amefariki mwaka jana. "Sasa," akasema, "hakuna ninayemnyang'anya."

Mchaga wa Texas, hapo pa "elezeni kwa nini amechelewa", naandikaje hilo kwenye fomu?

---

Sajini Mstaafu:

Binti, habari za Kibosho. Niko Usa River. Mimi niliumia Lukaya, Uganda, vita vya Kagera, Machi 1979, usiku ule Walibya walipotushushia roketi na sisi wa Brigedi ya 201 tukatawanyika kwenye matete. Kesho yake 208 ikaja kuwapiga kwa ubavuni, lakini mimi sikuona, nilikuwa nimeshabebwa. Wakati wanasiasa wa Uganda wanakutana hapo Moshi mwishoni mwa mwezi uleule, mimi niko wodini nahesabu mbao za dari. Namwelewa mzee wenu.

Nataka kusema jambo moja la kiaskari. Mnamtafuta mtu ambaye hakuandikwa. Acheni kwanza. Watafuteni wale watatu waliopandishwa helikopta, kwa sababu hao lazima waliandikwa: siku, saa, mahali, kikosi, walipigwa na nini. Mkipata karatasi yao mmethibitisha kwamba mota zilianguka usiku ule pale mzee anaposema alikuwepo. Kinachobaki ni paja lake tu.

Mpe shikamoo yangu. Mwambie na mimi chuma changu ninacho, begani. Baridi ya Julai ikiingia naitambua kabla ya redio.

---

Mchaga wa Texas:

Sajini amenipiga bao. Kikosi kilikuwa na daftari la matukio la kila siku. Ya Vietnam yako hifadhi ya taifa, College Park, Maryland. Waandikieni mkitaja batalioni, kampuni na tarehe, hata kama tarehe ni ya kukadiria wiki moja mbele na nyuma. Msiseme "Machi 1969" peke yake, ni makaratasi mengi mno.

Kuhusu kuchelewa: andika maneno yale aliyokuambia akimenya ndizi. Usiyapambe. Bodi inasoma barua za mawakili kutwa.

---

Binti Kibosho:

Narudi na taarifa. Dada yake amempata askari mwenzake mmoja aliye hai, yuko Ohio. Wakapigiana juzi saa tisa usiku ya huku. Mimi nilishika simu, mama mkubwa akashika tochi maana umeme ulikatika (hapo nilijua ameshasamehe). Yule mzee alipoulizwa kama anakumbuka usiku ule, hakuanza na mabomu. Alisema, "Ulikuwa unakula pichi za kopo, ukakataa kuliachia lile kopo wakati tabibu anakuchomoa vyuma."

Mzee wetu hakuwahi kutuambia habari za pichi. Ila tangu niko mdogo najua kwamba pichi za kopo haziingii nyumba ile, hata za zawadi.

Tarehe wamekubaliana ni kati ya 8 na 12, kwa sababu mwenzake alipata barua ya kuzaliwa mtoto wake wiki ileile. Maelezo yake ameahidi kuandika kwa mkono na kutia sahihi. SF 180 imeshakwenda. Ya College Park naiandika leo usiku.

Swali dogo: eksirei niitume kwenye CD au niichapishe?

---

Mchaga wa Texas:

Vyote viwili, na ripoti ya daktari iwe kwa Kiingereza. Aandike ukubwa wa kila kipande kwa milimita. "Punje ya mahindi" wabaki nayo Kibosho.