Mashapo ya kahawia kwenye pipa la kuchanganyia chumvi ya tangi la matumbawe

Swali: Wapenzi wenzangu wa matumbawe, kila ninapochanganya chumvi ya bahari ya kutengenezwa na maji kwa ajili ya tangi langu la matumbawe, kuta za pipa hubaki na utando wa kahawia, laini kama matope ukiupitishia kidole. Maji yangu yamechujwa kikamilifu. Je, uchafu huu unatoka kwenye chumvi, na unadhuru?

Jibu la 1: Ndugu, yamkini unatoka humo, kwa sababu baadhi ya malighafi, hasa za kalsiamu na magnesiamu, huchimbwa ardhini au hukaushwa kutokana na maji ya chumvi, nazo huweza kuja na chembe za udongo zisizoyeyuka. Futa utando kidogo kwa kitambaa, kisha uudondoshee siki. Ukitoa mapovu, hiyo ni kaboneti ya kalsiamu (madini kama ya mawe ya chokaa). Usipobadilika, yamkini ni udongo, ambao kwa kiasi kidogo hauna madhara makubwa.

Jibu la 2: Naongezea kwamba kaboneti hiyo mara nyingi tunaisababisha wenyewe. Tia chumvi polepole ndani ya maji yanayozungushwa na pampu, wala usimimine maji juu ya chumvi, kwani pale inapokolea mno kalsiamu huganda na ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) hushuka. Pima ualkali kabla ya kuyatumia.

Muulizaji: Nimejaribu siki. Madoa meupe yalitoa mapovu, ya kahawia yakabaki vilevile, kwa hiyo ninayo yote mawili. Nitaacha mashapo yatulie, kisha nivute maji ya juu tu.