Baada ya Shakahola: kumwamini Mungu ni busara au ni hatari?

Mleta mada:
Wadau, tujadili bila matusi. Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kila mjadala wa dini huishia hapo. Miili ilizidi 400, ya watoto ikiwemo. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie anakana mashtaka. Asiyeamini anasema, "Mnaona imani inavyoua?" Muumini anajibu, "Ile si dini, ni ushetani," kisha anaenda zake ibadani.

Majibu yote mawili ni mepesi, na hilo la pili linaniudhi zaidi. Wale hawakushuka kutoka mwezini. Wapo walioacha kazi na kuuza mali, wakiwa na Biblia hiihii tunayoisoma sote.

Kuamini kuna Muumba si ujinga. Mtu anautazama uhai, anajiuliza ulianzaje, anafikia jibu hilo. Mwingine anamtazama mtoto anayekufa kwa saratani, anafikia jibu jingine. Wote wana akili timamu. Ninachokiogopa ni fundisho linalomkataza mtu kumuuliza daktari, mwalimu au hata ndugu yake wa damu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mbona umeibana dini peke yake? Albania mwaka 1967 ilipiga marufuku dini zote, misikiti na makanisa yakafungwa. Padri Shtjefën Kurti aliuawa na serikali kwa sababu alimbatiza mtoto. Hapo hapakuwa na mhubiri wala mfungo. Halafu njoo kwetu: KCMC pale Moshi na Bugando kule Mwanza zilijengwa na nani? Makanisa. Nitajie hospitali ya rufaa iliyojengwa na chama cha wasioamini.

Mchangiaji wa pili:
Mimi siamini, na nyumbani hawajui. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini. Mtaani kwetu sijawahi kumjua hata mmoja. Hospitali utazijengaje wakati hata kujitaja huwezi? Chama cha wasioamini Kenya kilisajiliwa Februari 2016, na miezi mitatu haijaisha Mwanasheria Mkuu akausimamisha usajili huo, eti kwa ajili ya utulivu wa umma. Nikijitangaza leo, mama ataniuliza swali moja tu: utazikwa na nani?

Mleta mada:
Albania nakubali kabisa, na ndiyo hofu yangu ileile: mtu kukatazwa kuuliza, safari hii na serikali. Ila KCMC inaonyesha waumini walifanya jambo jema, haionyeshi kwamba Mungu yupo. Hayo ni maswali mawili.

Ndugu wa pili, hilo la mazishi sina jibu lake. Huku kwetu anayekosa shehe au padri kaburini huacha aibu kwa ukoo mzima, na wengi wanaendelea kuitwa waumini kwa sababu hiyo tu.

Sasa niambieni: Rwanda tangu 2018 inawadai viongozi wa madhehebu shahada ya masomo ya dini. Tufuate? Mimi nasita. Mwenye shahada naye anaweza kuwaambia watu wasiende hospitali, tena kwa ufasaha zaidi.