Tunapewa kiwanja bure ila huenda udongo una sumu, kuna ruzuku ya kupima na kupanga kwanza? (Marekani)

mama_wa_bustani

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo, hasa nyie mlioko Marekani mnaofanya kazi za mazingira au mipango miji. Mimi ni katibu wa kikundi cha mtaa wetu, tumesajiliwa kama shirika lisilo la faida, ile 501(c)(3). Jirani na ukumbi wetu kuna kiwanja kimekaa tu miaka mingi, zamani upande mmoja kulikuwa na drai klina na upande wa pili gereji ya magari. Vyote vilishabomolewa, imebaki sakafu ya zege imepasukapasuka magugu yanachomoza, na pale pembeni kuna bomba la chuma limetokeza kama urefu wa goti, mtu kaliziba kwa kitambaa. Watoto wanapita hapo kila siku wakitoka shule maana ni njia ya mkato.

Sasa mwenyewe anasema anatupa bure, tusaini tu hati. Nusu ya kamati wanataka tusaini wiki hii hii kabla hajageuka, halafu ndo tutafute fandi ya kusafisha tujenge chekechea na bustani ya mboga. Mimi roho inakataa lakini sina hoja ya kuwaambia zaidi ya hofu. Kuna ruzuku ya hatua ya mwanzo kabisa, yaani kabla hujajua hata kama sumu ipo au haipo? Na kikundi kidogo kama sisi tunaruhusiwa kuomba au mpaka jiji?

fundi_udongo

Dada usisaini. Nakuomba kabisa, waambie wenzako wasubiri.

Sheria ya Superfund ya 1980 inaweza kumbana mwenye ardhi alipie usafishaji hata kama sumu aliimwaga mtu mwingine miaka 40 kabla yake. Na kupewa bure hakukusaidii chochote, ukishasaini wewe ndo mwenye ardhi. Kuna kinga iliyoletwa na sheria ya 2002 kwa mtu anayechukua ardhi chafu kwa nia njema, lakini sharti lake la kwanza ni uwe umefanya uchunguzi KABLA ya kuchukua umiliki. Ukisaini leo ukachunguza kesho, kinga imeshapotea na hairudi. Uchunguzi wenyewe ndo unaitwa Fezi 1, unafuata mwongozo wa ASTM E1527-21 (ASTM ni shirika la kuweka viwango), uwe umefanyika ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuchukua hati na baadhi ya vipengele viwe vimehuishwa ndani ya siku 180. Kwa hiyo hata kuuwahisha sana nako kuna hasara.

Fezi 1 haichimbi hata koleo moja. Mtaalamu anapekua rekodi, picha za angani za zamani, anatembelea kiwanja, anahoji waliopajua. Pia wanatumia ramani za bima ya moto za Sanborn, nyingi ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, mle wamechora jengo kwa jengo hadi matanki ya mafuta. Hiyo unaweza kuitazama mwenyewe usiku huu ukapata picha. Kuchimba na kupima udongo, maji ya chini na mvuke ni Fezi 2.

Na hilo bomba lenye kitambaa limenishtua, kwenye eneo lililokuwa gereji bomba la namna hiyo mara nyingi ni la kujazia au la kupumulia tanki lililofukiwa chini. Msiling'oe wala msichungulie na taa ya moto. Piga picha, andika liko hatua ngapi kutoka ukingo wa barabara, halafu wekeni uzio watoto wasipite.

ruzuku_na_ripoti

Fundi kamaliza upande wa sheria, mimi niongelee hela maana ndo kazi yangu ya kila siku.

Jibu fupi ni ndiyo, ipo. EPA, yaani shirika la mazingira la serikali kuu, wana programu ya Brownfields yenye ruzuku ya tathmini, na tafsiri yao ya kiwanja cha namna hiyo ni ardhi ambayo kuitumia upya kunakwamishwa na sumu iliyopo AU inayodhaniwa ipo. Kwa hiyo wasiwasi wenye sababu unatosha, hudaiwi kuleta majibu ya maabara kwanza. Hiyo ruzuku inalipia kuorodhesha viwanja, Fezi 1, Fezi 2, mikutano na wakazi, na mpango wa kusafisha na wa matumizi mapya. Kusafisha kwenyewe hailipii, kuna ruzuku nyingine ya kusafisha na mara nyingi unatakiwa uwe mmiliki. Mashirika yasiyo ya faida yaliruhusiwa kuomba ya tathmini baada ya sheria kurekebishwa 2018. Miaka ya karibuni ile ya eneo zima imekuwa hadi dola 500,000 na hudaiwi kuchangia chochote.

Ila mimi kwa kiwanja kimoja nisingeenda huko. Ile ni ya mtaa mzima wenye viwanja kadhaa, ushindani ni mkali, maelezo unayabana kwenye kurasa 10, na ukishinda unaanza maisha mapya ya ripoti kila robo mwaka na kutangaza zabuni kwa kanuni za serikali kuu. Nimeona kikundi cha watu watano wa kujitolea kikichoka kabisa kwa hilo, mweka hazina wao alikuwa analia kwa simu. Ombeni kitu kinaitwa TBA, tathmini lengwa. Hapo hampewi hela mkononi, EPA wenyewe wanamleta kontrakta wao anafanya Fezi 1 na hata Fezi 2 anawakabidhi ripoti. Hamhitaji kumiliki, mnahitaji mwenye kiwanja asaini ruhusa ya kuingia. Majimbo mengi nayo yana huduma kama hiyo kwenye ofisi zao za mazingira.

Upande wa gereji uulizie mapema, maana kiwanja cha mafuta kina vigezo vyake vya kustahili tofauti na cha kemikali za drai klina, na nyie mnavyo vyote viwili.

Halafu kuna TAB, msaada wa kiufundi bure kwa kila kanda, unaendeshwa na vyuo na mashirika, Kansas State University wamekuwa kwenye hiyo kazi miaka mingi. Wapigie hata kabla hujaandika sentensi ya kwanza, watasoma rasimu yako bila kukutoza. Na kama mwakani jiji litaomba ile kubwa, muombe kiwanja chenu kiwekwe kwenye orodha ya vipaumbele. Mkiamua kuomba wenyewe basi anzeni kujisajili SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili waombaji wa ruzuku, sasa hivi maana inaweza kula wiki kadhaa, na tarehe ya dirisha kufungwa hubadilika mwaka hadi mwaka.

jirani_mwema

Mimi sio mtaalamu, nilikuwa mwenyekiti wa kikundi kama chenu. Sisi tulisaini. Tulipewa jengo na kampuni moja, tukafurahi tukapiga picha na ufunguo. Miezi minne baadaye fundi bomba akachimba mtaro akakuta udongo mweusi unanuka petroli. Hatukuwa na Fezi 1. Mpaka leo jengo limefungwa, bima tunalipa, na kila tukiomba msaada wanatuuliza swali hilohilo, mlichunguza kabla? Soma hii kwenye kikao chenu kama ilivyo.

ramani_mezani

Naongeza moja ambalo watu wanalidharau sana, upande wa kupanga. Watu wanadhani unasafisha kwanza ndo unakaa kufikiria utajenga nini. Ni kinyume. Kiwango cha usafi kinatokana na matumizi, ardhi ya ghala au maegesho inaruhusiwa kubaki na kiasi fulani chini ya lami lakini ardhi ambayo mtoto atachezea udongo au mtu atapanda sukuma ni habari nyingine. Nyie mmetaja chekechea NA bustani ya mboga, hayo ni matumizi yanayodai usafi wa juu kabisa. Na drai klina zilitumia sana perkloroethilini, kemikali ya kusafishia nguo, ile inazama mbali na mvuke wake unapanda kupitia nyufa za sakafu mpaka ndani ya jengo jipya. Sasa kama Fezi 2 itaonyesha uchafu umejikusanya kona moja, mnaweza kuhamisha chekechea upande ule mwingine kwenye karatasi tu, kwa penseli, kabla hamjatumia senti. Ndo maana hela ya kupanga mapema ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Jimbo la New York lina programu yake tangu 2003 inayolipia mpango wa eneo zima lenye viwanja vya hivi, hadi asilimia 90 ya gharama, kwa hiyo ulizia na jimbo lako lina nini.

Na mikutano ya wakazi msiifanye kama sherehe ya kupitisha mchoro. Kwenye mradi mmoja nilifanya kazi tulitandika ramani kubwa mezani, akaja mzee mmoja kaangalia kimya muda mrefu, akachukua kalamu ya wino mwekundu akachora duara nyuma ya jengo, akasema "hapa ndo tulikuwa tunamwaga ndoo kila Ijumaa jioni". Alifanya kazi pale ujana wake. Hakuna rekodi yoyote ilikuwa na hiyo sehemu. Tulihamisha matundu mawili ya kuchimbia tukaweka pale, na uchafu ulikuwa pale. Tafuteni watu kama huyo kabla hawajahama. Na waulizeni pia wapangaji wanaogopa nini, kwa sababu ardhi ikisafishwa kodi za nyumba za jirani hupanda, na hilo lisipowekwa kwenye mpango mwanzoni baadaye hakuna wa kulisikiliza.

mama_wa_bustani

Yaani sina neno, asanteni sana. Nimeangalia hiyo ramani ya Sanborn usiku, ya kwetu inaonyesha matanki mawili ya petroli mbele, karibu kabisa na lile bomba. Nimetetemeka.

Swali la mwisho, mwenye kiwanja akisema hawezi kusubiri?

ruzuku_na_ripoti

Mwandikieni mkataba wa kumfunga asiwape wengine kwa muda fulani, bila nyie kuchukua umiliki, mwanasheria wa msaada anaweza kuuandaa. Kwenye karatasi hiyohiyo ndo wekeni na ruhusa ya kuingia kupima. Naye ripoti itamfaa, mwambie hivyo.

mama_wa_bustani

Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Ruhusa ya kuingia kakubali, muda ametoa miezi sita, naona ni finyu. Kesho asubuhi nawapigia TAB. Uzio wa muda vijana wa kikundi wanaweka Jumamosi, na kuna mama mmoja aliyekuwa anapiga pasi kwenye ile drai klina, bado anaishi mtaa wa nyuma. Nitamfuata na ramani.