Tupeane uzoefu: mtoto toka siku ya kwanza mpaka anatimiza mwaka, nyie mliona nini kwa wa kwenu?

Mama Kifunguamimba

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina binti yangu wa kwanza, kaingia mwezi wa tano sasa, na kiukweli kila nikishazoea jambo moja anakuja na lingine. Nimeona tukusanye hapa yale tuliyoyaona kwa macho yetu, ni mwezi gani, kipi kilikutia hofu kumbe cha kawaida, na kipi watu walikwambia cha kawaida kumbe kilitaka dokta. Mwenye mmoja, mwenye sita, wote karibuni.

Naanza mimi na wiki za mwanzo maana ndo zilinitoa jasho. Usiku nilikua namsikiliza anavyopumua, anaenda haraka haraka halafu kimyaa, halafu anaanza tena, na mimi pale kitandani moyo unanienda mbio. Nesi akanielewesha kwamba kichanga anapumua hivyo, anaweza akatulia sekunde chache, chini ya kumi, kisha akaendelea mwenyewe. Cha kuangalia ni rangi, midomo au ulimi ukienda bluu, au kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, au anakoroma kwa shida, hapo hamna kusubiri asubuhi. La pili, wiki ya kwanza nilikuta kidoa cha damu kwenye nepi, mtoto wa kike, nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Kumbe ni homoni za mama alizokaa nazo tumboni zinamtoka, na ndo hizo hizo zinafanya vichanga wengine, hata wa kiume, wavimbe vititi kidogo. Usiviminye, vinapungua vyenyewe.

Na uzito jamani. Siku za kwanza ukashuka nikaanza kulia kwamba sina maziwa. Wengi wanashuka kidogo, mpaka kama asilimia 10 hivi ya uzito wa kuzaliwa, na kufikia wiki ya pili wanakua wamerudi pale pale. Wa kwangu alirudi na akapitiliza.

Baba Pacha

Asante kwa mada dada. Mimi nachangia kilio maana hicho hatukuambiwa na mtu. Unajua wakizaliwa wanalala muda mwingi unasema aah kumbe watoto wenyewe hawana shida, sasa subiri wiki ya tatu hivi, kilio kinapanda, kinapanda, mpaka wiki ya sita au ya nane hapo ndo kileleni, na kinapenda sana jioni, ameshiba, nepi kavu, hana homa, na bado analia mpaka anakunja miguu na uso unakua mwekundu. Kwetu walikua wawili wakipokezana. Kuanzia miezi mitatu kikaanza kushuka chenyewe, na ukiuliza nini kilisaidia siwezi kukwambia, tulibeba, tukaimba, tukawaogesha maji ya uvuguvugu, siku nyingine inafanya kazi na siku nyingine wapi.

Ila hapa nataka niseme kitu kwa akina baba wenzangu na hata akina mama. Ukifika mahali unaona hasira inapanda, mlaze mtoto chali sehemu salama, funga mlango, toka nje dakika chache uvute pumzi. Akilia hapo kitandani hafi. Lakini ukimtikisa, hata mara moja kwa hasira, ubongo wake unagongwa ndani ya fuvu na hapo kuna watoto wamepofuka, wamepooza, wengine wamefariki. Namwambia kila rafiki yangu anayepata mtoto, na nitaendelea kuwaambia.

Usingizi Adimu

Kuna mtu ana mtoto aliyekua analala vizuri halafu miezi minne kila kitu kikaharibika?? Wa kwangu alianza kulala masaa mengi mfululizo usiku, nikajua tumeshavuka, miezi minne tu hii hapa, anaamka kila baada ya lisaa limoja na nusu, anataka kunyonya, akinyonya dakika mbili kalala, ukimlaza macho wazi. Nilidhani anaumwa. Kumbe umri ule usingizi wenyewe ndo unabadilika, unaanza kuwa wa vipindi vipindi kama wa mtu mzima, na kila kipindi kikiisha anashtuka. Ilichukua wiki kadhaa akatulia, sikumpa dawa yoyote, na kama kuna mtu anakushauri dawa ya kikohozi ili alale tafadhali usithubutu.

Na mlazeni chali, usingizi wa mchana na wa usiku, godoro gumu, hamna mito wala madoli wala mablanketi mazito pembeni yake. Akishajua kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, wewe mlaze chali tu, akijigeuza usingizini huna haja ya kukesha unamrudisha.

Mama Njiti

Nasoma hizi post na naomba nisemee wenye watoto njiti, maana sisi tunateseka sana na hizi "mwezi wa ngapi". Mwanangu alizaliwa na wiki 32, yaani wiki nane kabla. Alipofikisha miezi sita ya kuzaliwa wenzake wanakaa, yeye bado shingo ndo inakaza vizuri na anaanza kujigeuza, na kila mgeni akiingia swali ni lile lile. Dokta wake akanifundisha kutoa zile wiki nane, kwahiyo kwenye mambo ya kukua mhesabu kana kwamba ana miezi minne, na ukimwangalia kwa miezi minne alikua yuko sawa kabisa. Hesabu hiyo mnaendelea nayo mpaka karibu miaka miwili. Chanjo ndo hazifuati hesabu hii, chanjo anapata kwa umri wake wa kuzaliwa, msije mkachelewesha.

Tabasamu lake la kwanza lilichelewa pia. Wengi wanatabasamu kwa kukuangalia wiki ya sita mpaka ya nane, mimi nilisubiri sana. Nilikua nambadilisha nepi, akanikazia macho, kidevu kikaanza kutetemeka nikajua analia, kumbe mdomo unafunguka taratibu upande mmoja kwanza, halafu wote. Nilikaa chini.

Nesi wa Watoto

Mimi nafanya kazi kliniki ya watoto na swali la kwanza la kila mzazi ni hilo la Mama Njiti, mbona wa jirani anakaa wa kwangu hakai. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema kwenye nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na majibu yakatoka mwaka 2006. Kukaa bila kushikwa, kuna walioanza kabla hata ya miezi minne na kuna walioanza baada ya tisa. Kutembea wenyewe bila msaada, kuanzia miezi nane na kitu mpaka kumi na saba na kitu. Hao wote ni wazima! Tofauti ya miezi tisa kati ya wa kwanza na wa mwisho, na hakuna mwenye tatizo hapo.

Kwahiyo nikikupimia mtoto siangalii kama kamuwahi mwingine, naangalia kama mwezi huu kuna kitu kipya kuliko mwezi uliopita. Mtoto anayeenda taratibu lakini anaenda, tunamfuatilia kwa utulivu. Anayenishtua ni yule aliyekua anaweza kitu halafu kakiacha, alikua anakaa sasa hakai, alikua anatoa sauti sasa kimya, alikua anakuangalia sasa hakuangalii. Huyo mlete hata kama uzito wake ni mzuri. Na anayetumia mkono mmoja tu mwingine kaukunja muda wote kabla ya mwaka, huyo naye mlete, watu wanasema atakua wa mkono wa kushoto, hapana, umri huo bado hawajachagua mkono.

Hakutambaa

Wa kwangu hakutambaa kabisa. Alisota kwa makalio, mguu mmoja kaukunja, huku anacheka, halafu akasimama dede akashika kiti akaondoka.

Nesi wa Watoto

Wapo wengi tu dada. Kwenye utafiti ule ule kama asilimia 4 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja.

Bibi wa Wajukuu

Wanangu, mimi nimelea wangu na sasa nalea wajukuu, nisemee chakula. Zamani tulikua tunawalisha miezi mitatu, tukiona analia tunasema hashibi. Siku hizi tunaambiwa miezi sita maziwa ya mama tu, hata maji hapana, na nimeona tofauti kwa wajukuu, matumbo yao yametulia. Ila miezi sita ikifika nayo usichelewe, maana madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni yanakua yanaisha na maziwa peke yake hayatoshi. Anza mara mbili tatu kwa siku, vijiko vichache tu, kiwe kizito kinachokaa kwenye kijiko, sio maji maji. Kikiwa maji tumbo linajaa na hamna alichopata. Nyama iliyosagwa laini, ini, yai lililoiva vizuri, vyote anakula toka miezi sita, usimsubirishe mwaka. Chumvi na sukari mwache kwanza. Asali usimpe kabla ya mwaka hata ya kulamba, kuna vijidudu humo vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Na maziwa ya ng'ombe ya kunywa kama kinywaji chake kikuu nayo yasubiri mwaka.

Mjukuu wangu wa mwisho siku ya kwanza alitoa kila kitu kwa ulimi. Mama yake akakata tamaa. Nikamwambia ulimi wake umezoea kunyonya, bado haujajua kurudisha chakula nyuma. Wiki ya pili akawa anafungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Na akikohoa kohoa kwa sauti akajaribu kutapika msimrukie, anajifunza. Mrukieni yule asiyetoa sauti, kimya, macho yametoka, huyo kapaliwa na mnatakiwa mjue kumpiga mgongoni akiwa kainamishwa, kajifunzeni mapema kabla ya kuanza kulisha.

Mama Jino Moja

Kuhusu meno naomba mnisikilize. Mwanangu miezi saba, udenda unachuruzika, anang'ata kila kitu, halafu homa ikaja 39. Kila mtu nyumbani "meno hayo". Mimi roho ikakataa nikambeba usiku ule ule, wakapima mkojo, maambukizi kwenye njia ya mkojo, angekaa siku kadhaa na ile homa figo zingeanza kuumia. Meno yanaleta udenda, hasira, ufizi kuvimba, labda joto kupanda kidogo sana. Homa ya juu sio ya meno, na kuharisha sana sio kwa meno. Na kama mtoto ni chini ya miezi mitatu, 38 tu inatosha kukimbia hospitali, hata kama ananyonya.

Jino lenyewe lilitoka baadae, la chini katikati, nilikisikia kijiko kinagonga ndo nikajua. Wengi ni karibu miezi sita, ila kuna wanaofikisha mwaka na ufizi mtupu na hawana shida.

Baba Msafiri

Miezi tisa mtoto alinikataa. Nimesafiri kikazi wiki moja nimerudi nanyoosha mikono, kajificha shingoni kwa mama yake analia kama kaona mwizi. Niliumia sana. Mke wangu akasema hata bibi yake anamlilia. Ni umri, sasa anajua nani ni wake na nani mgeni, na anajua mama akitoka nje ya mlango bado yupo mahali ila hajui kama atarudi. Nilikaa chini mbali kidogo, sikumshika, nikawa najifunika kitambaa nafunua, na kabla ya kulala kaja mwenyewe kashika kidole changu. Msitoroke kwa kunyata mtoto akiwa haangalii, muageni, hata akilia.

Mama Kimya

Wa kwangu ni hili la masikio. Alikua mchangamfu, anacheka, miezi mitatu minne anatoa sauti kama watoto wote, ndo maana hakuna aliyeshtuka. Lakini miezi nane wenzake wanasema ba-ba-ba, ma-ma-ma, yeye sauti zimepungua, na nikimwita kwa nyuma hageuki mpaka anione. Watu wakasema mkaidi. Akapimwa, hasikii vizuri masikio yote mawili. Wakatuelewesha kwamba hata mtoto asiyesikia anatoa sauti miezi ya mwanzo, ni hizi za baadae za kurudia rudia ndo zinachelewa au hazitokei. Sasa ana vifaa vya kusikia na tunajifunza ishara pia na anazifuata vizuri. Ukihisi kitu, dai kipimo cha masikio, hakimuumizi mtoto hata kidogo.

Mama Kifunguamimba

Pole na hongera sana mama. Nina swali, wangu uzito ulikua unapanda kwa kasi, mwezi huu umepanda kidogo tu, niogope?

Nesi wa Watoto

Kasi inapungua kadiri anavyokua. Kawaida uzito wa kuzaliwa unakua mara mbili kati ya miezi minne na sita, na mara tatu akifika mwaka, kwahiyo nusu ya pili ni ya polepole. Usiangalie mwezi mmoja, angalia mstari kwenye kadi yake, ukiendelea kufuata njia yake hata kama ni ya chini sawa, ukilala kabisa au ukashuka njoo. Na wewe mwenyewe unalalaje? Unakula? Nauliza kila mama, maana huzuni nzito ya baada ya kujifungua inaweza kuja wakati wowote ndani ya mwaka huu, na inatibika. Machozi ya siku za mwanzo yanaisha ndani ya wiki mbili, yakizidi hapo semeni.

Mama Kifunguamimba

Nalala vibaya ila niko sawa. Asante kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuniuliza hapo kliniki.

Baba Pacha

Naongezea moja kwa wanaokaribia miezi tisa. Wakishajua kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, chochote kilichopo chini kinaenda mdomoni. Zile betri ndogo za duara bapa za kwenye rimoti na midoli, mkihisi kameza hata kama hamna uhakika nendeni hospitali saa hiyo hiyo, zinaunguza koo ndani ya masaa mawili. Sisi tulibandika gundi ya karatasi kwenye mifuniko ya rimoti zote, na kabati tukalifunga ukutani kwa skrubu kabla hawajaanza kusimama dede.