Kwanini steringi (mhusika mkuu wa muvi) akiua tunampigia makofi, mkewe akinuna tunamtukana?

Binti_Mwanjelwa:
Habari za baridi wanajamvi. Mi nina kibanda cha kuweka muvi hapa Mwanjelwa, watu wanakuja na flashi na memori kadi nawawekea sizoni, za kutafsiriwa na zisizotafsiriwa, huu mwaka wa sita. Kazi hii unasikia maneno kutwa nzima maana mtu akisubiri faili ziingie lazima akupe uchambuzi hata kama hujamuomba.

Sasa juzi kaja kaka mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anarudia Breaking Bad, ile sizoni ya mwalimu Walter anayepika madawa ya kulevya, akaniambia yule Skyler mke wa Walter angekuwa anakufa angechinja kuku. Nikamuuliza kakosa nini. Akasema ana kisirani, anambana mumewe, halafu kalala na bosi wake. Basi, hayo tu. Nikamuuliza na Walter je? Akacheka kweli, akasema "aaah yule mwamba bhana".

Wakuu huyo mwamba kasimama pembeni ya kitanda anamwangalia Jane, mpenzi wa kijana anayepika naye, anapaliwa na matapishi mpaka anakata roho na mkono hakunyosha, kampa sumu mtoto wa watu, Brock, mtoto mdogo kabisa, na madawa anayopika yanaenda kuua watu ambao hata hawamjui. Alianza kwa ajili ya familia sawa, kansa sawa, ila mwishoni mwenyewe anakiri alifanya kwa ajili yake, kwa sababu alipenda.

Na sio mteja wangu tu. Yule dada aliyeigiza Skyler, Anna Gunn, mwaka 2013 aliandika kwenye New York Times jinsi watu walivyomchukia mpaka kuna mtu aliandika mtandaoni anauliza atampata wapi amuue. Amuue yeye mwigizaji! Aliyeigiza muuaji sijasikia akiandikiwa hivyo.

Swali langu sio nani mbaya. Nauliza hii hasira inatoka wapi?

Kijana_Uyole:
Dada unakuza mambo. Steringi ni steringi, toka tuko wadogo tunajibana kwenye kibanda umiza sheria ilikuwa moja tu, steringi hafi na steringi hakosei. Muvi inamfuata yeye, tumemuona anaumwa, tumemuona mwalimu mzima wa kemia anaosha gari la mwanafunzi wake ili apate hela ya kujazia mshahara, inauma ile, sasa ukishaumia na mtu unakuwa upande wake. Mkewe anakuja anaziba njia. Yeyote anayeziba njia ya steringi tunamchukia hata awe mwanaume, haina jinsia hiyo.

Binti_Mwanjelwa:
Hank je? Mwanyumba wake kabisa, askari wa madawa, kazi yake toka sizoni ya kwanza ni kumtafuta huyo steringi wako amfunge. Ameziba njia kuliko Skyler. Mbona wateja wangu wote wanampenda Hank na alivyokufa kuna mtu alikaa hapa benchini kimya kama kafiwa?

Mama_Kihesa:
Kamweneee! Niko Iringa huku mvuke unatoka mdomoni, acha nichangie nikiwa na chai.

Kijana wa Uyole hiyo ya steringi haikai. Nenda Money Heist, ile ya genge la wezi wanaoitwa kwa majina ya miji. Steringi nani pale? Tokyo, yeye ndo anayetusimulia toka mwanzo, tunaona kwa macho yake. Na ndo anayetukanwa kuliko wote. Eti kiherehere, eti kamponza Rio. Zile simu zilizofanya Rio akamatwe alinunua nani? Alinunua Rio mwenyewe! Halafu njoo kwa Berlin. Kaamuru mateka Mónica apigwe risasi, kamfanya yule binti Ariadna awe wake wakati binti anatetemeka kwa kuogopa kufa, yule hakuwa mpenzi ni mateka, kwa lugha ya kawaida ile tunaiita jina lake. Lakini alivyokufa watu wakamlilia, wakarudishiwa kwenye sizoni zilizofuata akiwa kwenye kumbukumbu, na Desemba 2023 akapewa sizoni yake mwenyewe.

Na kuna kitu hatukisemi, DJ, yule anayetafsiri muvi kwa sauti yake. Mie niliangalia kwanza ya kutafsiriwa. Berlin akiongea DJ anaweka sauti nzito ya kibosi, kila neno mwamba mwamba. Tokyo akifungua mdomo DJ anabana pua halafu anaongeza ya kwake, "hili demu lina kiranga". Nilipokuja kuangalia yenye maandishi chini nikakuta Tokyo hajasema nusu ya yale. Kwahiyo wengine tumechukia mtu ambaye hayupo kwenye muvi, tuna chuki na sauti ya DJ.

Mwl_Nje_ya_Silabasi:
Nafundisha Kiswahili sekondari, sitasema wapi ila ni Rungwe na mvua haikatiki. Msidhani ni muvi za wazungu tu. Niliwapa wanafunzi Rosa Mistika ya Kezilahabi wasome kwa burudani, halafu nikawauliza lile swali letu la miaka yote, nani alaumiwe. Karibu darasa zima Rosa. Malaya, hakutulia, alitoa mimba. Zakaria, baba mlevi aliyekuwa anampiga mama yake na akampiga Rosa mwenyewe vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, huyo walimuandikia sentensi moja, "alikuwa mkali kupita kiasi". Mkali! Kama ni pilipili.

Kilichonishangaza zaidi wasichana ndo waliandika kwa hasira. Mmoja aliandika kurasa tatu za kumsema Rosa na ukisoma vizuri unaona anajiambia mwenyewe asije akawa kama yeye. Nikashindwa kumpa maksi ndogo.

Kuna kitu nimewahi kukiona nikacheka peke yangu, riwaya ile imetoka 1971, mwaka huohuo ndo imepitishwa Sheria ya Ndoa ambayo kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Riwaya ikaja ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Sheria sijui kama kuna aliyeificha, ila wanaoijua mtaani kwetu wachache.

Mama_Kihesa:
Mwalimu hapo kwa wasichana umenigusa. Ule utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa 2015-16 waliuliza watu mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu gani, wakataja tano, kuunguza chakula, kubishana naye, kutoka bila kuaga, kutojali watoto, kumnyima unyumba. Wanaume waliokubali angalau moja walikuwa 40 kwa mia. Wanawake 58. Sisi wenyewe tumewazidi.

Sasa mpime Skyler kwa orodha hiyo. Kabishana, katoka bila kuaga, kamnyima. Kasoro kuunguza ugali tu.

Ulanzi_Baridi:
Mi sio mtu wa kuchangia sana ila hii mada imenikuta. Niko Makambako. Kipindi kile cha Game of Thrones nilikuwa naangalia na wife usiku, jiko la mkaa katikati, raha. Mimi na Tyrion ilikuwa usiniambie kitu, kafupi kana akili, kanadharauliwa na baba yake, nikawa najiona mimi. Ikafika ile ya mwisho wa sizoni ya nne anamkuta Shae kwenye kitanda cha baba yake, anamkaba na ule mkufu mpaka anakufa, mimi nikaruka kwenye kiti nikasema SAFIII, malaya huyo, alitoa ushahidi wa uongo mahakamani. Wife hakusema kitu akaenda kulala, nikadhani usingizi. Asubuhi ananipa chai ndo ananiuliza, hivi na mimi nikikukosea utanikaba?

Nikasema we nawe ile si muvi tu. Akasema najua ni muvi, nakuuliza wewe uliyeshangilia.

Nilimjibu siwezi, na kweli sijawahi hata kumnyooshea kidole. Lakini alinyamaza wiki nzima na sizoni ya tano niliangalia peke yangu. Na Tyrion niliendelea kumpenda, sitaki kudanganya. Nilichogundua ni kwamba Shae alivyokufa mi nilihesabu kosa la Shae, sikuhesabu kosa la Tyrion, halikunijia kabisa kichwani kama kuna kosa.

Kijana_Uyole:
Kaka pole. Ila mnanifanya nionekane mtu mbaya. Mbona mnaruka Arya wa hiyohiyo Game of Thrones? Binti mdogo, kampikia yule mzee Frey aliyemuulia mama na kaka yake pai ya nyama ya wanawe, akamlisha ndo akamkata koo, sizoni iliyofuata akaanza nayo kwa kumaliza wanaume wa ukoo ule kwa mvinyo wa sumu, na sisi wanaume tulishangilia kuliko wanawake. Mi nina picha yake kwenye bajaji yangu. Kwahiyo kusema tunachukia wanawake haiko hivyo.

Binti_Mwanjelwa:
Hapo ndo umenisaidia bila kujua mkuu. Arya kaua watu wasiohesabika mnampenda. Skyler hajaua hata nzi mnamchukia. Kwahiyo mwanamke kuua sio tatizo kabisa, ruksa. Arya hakuwahi kumwambia mwanaume mnayempenda "acha". Hajamuuliza mtu ulikuwa wapi, hizi hela umetoa wapi, watoto watakuwaje. Skyler kila akifungua mdomo ni hayo maswali, na ni maswali ya kweli! Hank akiyauliza anaitwa mpelelezi, mke akiyauliza ana kisirani.

Na Catelyn mama yake Arya umesahau? Watu wanamsema mpaka leo kwa kumnunia Jon Snow, aliyedhaniwa mtoto wa nje wa mumewe. Kununa. Jaime kaka yake Tyrion kamsukuma mtoto dirishani episodi ya kwanza kabisa, kufika sizoni ya tatu anapendwa.

Mwl_Nje_ya_Silabasi:
Ndo maana Regina mama yake Rosa wanafunzi wangu hawakumchukia. Alikuwa anapigwa na ananyamaza.

Kijana_Uyole:
Mwalimu hiyo nzito. Ngoja nilale nayo.

Dada hivi ile sizoni ya Berlin iliyotafsiriwa unayo? Kesho nashusha abiria Kabwe saa nne nipite.

Binti_Mwanjelwa:
Ninayo, mia tano. Ya maandishi ninayo pia, hiyo nakuwekea bure ila uangalie zote mbili, halafu urudi hapa utuambie ni Berlin yupi ulimpenda.

Kijana_Uyole:
Maandishi yanapita haraka bhana. Weka zote.