Mjadala: kijana afundwe kwanza, au apewe kiti kwanza?

MLETA MADA
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mafunzo ya uongozi kwa vijana yameenea kila mahali, na mengi yanafanana: siku tatu ukumbini, mada za kujiamini na kuzungumza mbele za watu, cheti, picha ya pamoja. Niliyahudhuria nikiwa kijana, baadaye nikayaendesha mwenyewe. Hayamfikishi kijana kwenye baraza la madiwani, na akifika kwa njia nyingine hayamsaidii.

Kazi ya halmashauri iko kwenye makaratasi. Barabara ipi itengenezwe, zahanati ipi isubiri, hayo huamuliwa rasimu ya bajeti ikiwa bado kwenye kamati, muda mrefu kabla ya kikao cha kuipitisha. Kijana anayekuja siku ya kikao kikuu na hotuba nzuri anakuta mambo yameshaiva, amebakiwa na kunyoosha mkono tu. Sikumbuki semina hata moja iliyotufundisha kusoma kasma, yaani fungu la fedha lililotengwa ndani ya bajeti, kuidai taarifa ya ukaguzi, au kuandika hoja ambayo katibu hatapata kisingizio cha kuirudisha.

Msimamo wangu: kiti kwanza. Afundwe akiwa ndani.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Nakupinga, mkuu. Viti tumeshaviona. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Uganda ya 1997 inawatengea vijana madiwani wawili katika kila baraza la wilaya, mmoja wao msichana. Robo karne imepita. Sasa niambie, watu wawili kati ya baraza zima, tena wageni wa kanuni za kudumu, watamshinda nani? Akisimama anaambiwa hoja yake haikuwasilishwa kwa wakati, akae chini. Anakaa. Kikao cha tatu hasimami tena, na wazee wanasema vijana walipewa nafasi wakaichezea. Mimi nasema afundwe kwanza, afundwe kweli, ndipo aingie.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnagombea kiti na darasa, mlango mmeusahau. Nigeria, hadi 2018, mtu hakuruhusiwa kugombea bunge la jimbo kabla ya kutimiza miaka 30. Vijana walifanya kampeni, katiba ikabadilishwa, umri ukashuka hadi 25. Wa urais ukatoka 40 hadi 35. Ugavana na useneta haukuguswa, ulibaki 35. Darasa gani lingeuondoa ukuta ule? Na ukishavuka umri unakutana na uteuzi ndani ya chama, ambako mwenye fedha za kampeni husikilizwa kabla ya mwenye cheti.

MLETA MADA
Wa kwanza, umenibana panapouma. Huyo uliyemweleza, anayekaa chini na hasimami tena, nimemwona zaidi ya mara moja, na mmoja wao nilimfundisha mimi. Kwa hiyo narekebisha: kiti kitupu sikitetei tena. Lakini darasa la kabla ya kiti bado silikubali, kwa sababu kanuni za kikao hazikai kichwani mwa mtu ambaye hana kikao cha kwenda.

Tazameni Ulaya, ambako jambo hili limeandikwa vizuri kuliko kwingi. Hati ya ushiriki wa vijana katika maisha ya mitaa na mikoa, toleo la 2003, inataja haki, nyenzo, nafasi, fursa, na msaada panapohitajika. Ni mambo matano, na mafunzo ni kipande tu cha hayo. Kongamano la serikali za mitaa na mikoa la Baraza la Ulaya limekuwa na wajumbe vijana tangu 2014. Wanazungumza, lakini kura hawana. Finland, kwa sheria yake ya 2015, inailazimu kila manispaa kuwa na baraza la vijana au chombo cha namna hiyo. Hiyo naiheshimu, maana meya akibadilika baraza linabaki. Ila chombo cha ushauri hushauri, na wengine ndio huamua.

Mimi nimejifunza zaidi kutoka Porto Alegre, Brazil. Kuanzia 1989 wakazi wa kawaida walipewa nafasi ya kupanga sehemu ya fedha za miradi ya jiji. Mtu hujifunza bajeti haraka sana akijua uamuzi wake utamletea bomba la maji mtaani kwake. Basi vijana nao wapewe kasma yao ndani ya bajeti ya halmashauri, hata ikiwa ndogo, waigawe wenyewe na waitolee hesabu hadharani. Kila mmoja aambatane na diwani mzoefu mzunguko mzima wa bajeti, tangu rasimu hadi ukaguzi. Wa pili, hilo halifungui mlango wa chama, nakubali. Ila kijana aliyekwisha kuzisimamia fedha za umma mbele za watu ana kitu cha kuwaonyesha wapiga kura.

Linaloninyima raha ni hili: nani atamchagua huyo kijana wa kuambatana na diwani? Diwani akiachiwa, atamleta mpwa wake. Mwalimu akiachiwa, atamleta msemaji hodari wa darasa, wakati kijana mkimya anayeujua mtaa wake kona hadi kona anabaki nje. Nimefikiria kura ya vijana wenyewe, nimefikiria hata bahati nasibu, na kote naona mashimo. Waliowahi kuwa madiwani wakiwa chini ya miaka 30, ninyi mliingiaje?