Injini ya Cox .049 imeganda, ndege ya plastiki imepasuka bawa

Mwana_Malindi: Assalaam alaikum. Ni PT-19 ya Cox, ile ndege ndogo ya mfano ya kurushwa kwa nyuzi mbili, yenye kiinjini cha .049 (ujazo wake kwa inchi za ujazo). Propela haizunguki kabisa. Nianzie wapi?

Fundi_Shela: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usiilazimishe propela! Kilichoganda ni mafuta ya mbarika yaliyokuwa kwenye fueli. Yakikaa miaka huwa kama gundi. Itoe injini kwenye ndege, ipashe kwa drya ya nywele, kisha iloweke kwenye spiriti usiku kucha. Ikilegea, fungua kichwa na silinda kwa spana yake. Koleo hukwaruza, na silinda ikipinda kidogo tu mgandamizo umekwisha. Angalia na vali ya jani nyuma, kile kipande chembamba kinachofunguka kuingiza fueli: ikinasa wazi, fueli hurudi nje.

Bi_Rafadha: Hapo kwa kaka Fundi sina nyongeza, ila jihadhari na chumvi ya pwani. Pistoni na silinda ni chuma kinachoshika kutu, si alumini. Ukishazikausha zipake mafuta mepesi siku hiyohiyo. Bawa ligundishe kwa gundi ya plastiki, asetoni usiiguse, inayeyusha. Mipira inayoshika mabawa badilisha yote.

Mwana_Malindi: Shukrani. Petroli itafaa?

Fundi_Shela: Hapana. Waya wa platini kichwani mwa injini, unaowasha fueli, huendelea kuwaka kwa methanoli tu. Tafuta fueli ya methanoli yenye nitro (nitromethani) 15 hadi 25%, mafuta ya kulainisha 20%, nusu yake mbarika. Betri ya kupasha waya huo wakati wa kuwasha iwe volti 1.5, usizidishe, waya utakatika.